Ng'ombe wa Mahari na Sindano ya Kimeta

Busia, Kenya
12 Januari 2025

Mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Obbo,

Salamu kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Barua hii anakuletea Felistus, yule mama muuza omena, dagaa wa ziwani, anayevuka mpaka kila siku ya soko. Nimefuata neno lako kwamba mambo ya ndoa hayaendi kwa simu, mtu akakana kesho alichosema jana.

Naandika kama mama wa Maurine, kwa vile baba yake hayuko tena. Shemeji yangu Levis, atakayepokea mahari kwa niaba ya ukoo, amefurahia mapatano yetu: ng'ombe sita wavuke kabla ya Pasaka, harusi ya Maurine na Sam wako ifuate baada ya Pasaka. Kuhusu hayo sina neno. Ombi langu ni moja tu. Kabla hawajavuka, wachanjwe kimeta.

Wewe ni mfugaji, huhitaji kufundishwa kimeta. Lakini mimi ni muuguzi, na niliyoyaona kijijini kwetu mwaka juzi sitaki kuyaona tena. Ng'ombe alianguka machungani, watu wakamchuna, wakagawana nyama. Kituo chetu kikajaa watu wenye vidonda vyeusi mikononi. Mama mmoja aliyekula nyama ile hakupona, na mwili wake niliuosha mimi. Ng'ombe wako wataingia zizi moja na wa Levis, na watoto wa boma zima hukamua humo.

Sindano moja, kisha wakae wiki chache dawa ishike mwilini. Sidhani kama ni jambo la kutuchelewesha.

Mkwe wako,
Edah, Mama Maurine


Paya, Tororo, Uganda
20 Januari 2025

Mama Maurine,

Barua nimepata. Swahili yangu ni ya jeshi na ya soko, utanisamehe, lakini utaelewa.

Nimesoma, nikampa Sam asome, nikasoma tena, kwa sababu nilifikiri macho yangu imekosea. Mimi natoa ng'ombe, na wewe unaniambia ng'ombe yangu ni mgonjwa? Hawa nimechagua moja moja. Ile nyekundu ya pembe refu, watu ya Merikit walitaka kununua, nikakataa, nikasema hii ni ya mama ya bibi harusi. Hakuna moja inakohoa. Hakuna moja inachechemea.

Na hiyo sindano unasifu, mimi naijua. Mwaka ingine walikuja vijana wawili na pikipiki. Chupa ya dawa iko ndani ya mfuko ya plastiki, jua kali, barafu hakuna. Ng'ombe moja ikavimba shingo, ingine ikatupa mimba. Nilikuwa nimewauliza mapema, hii dawa si inataka baridi? Wakasema, mzee, shika kamba. Nikashika kamba. Sirudii tena.

Kama watu yako hawataki ng'ombe yangu, waseme hawataki. Wasipitie kwa sindano.

Nasalimia Levis.

Obbo


Busia, Kenya
27 Januari 2025

Mzee Obbo,

Hakuna aliyesema ng'ombe wako ni wagonjwa. Chanjo hupewa mnyama mzima, ili asiugue. Watoto wetu tuliwapeleka kliniki wakiwa wanacheka, wakarudi wanalia. Muulize mke wako Akullo kama alingoja Sam augue surua ndipo ampeleke.

Kuhusu wale vijana wa pikipiki, una haki ya kukasirika. Dawa hiyo ikikaa juani inaharibika, na mimi ningewafukuza kabla hawajashika ng'ombe wa kwanza. Lakini ukiuziwa mkate ulioota ukungu huachi kula mkate maisha yako yote. Nenda ofisi ya mifugo, mwambie daktari aje na sanduku lenye barafu, ulifungue ulitazame mwenyewe.

Na tafadhali usiseme tunakataa ng'ombe. Levis ameshaanza kupanua zizi. Kila jioni ananiuliza, "Shemeji, na hao ng'ombe?" Nikimtajia chanjo ananiangalia kama mtu aliyeleta mashetani nyumbani. Kwa hiyo ujue hata huku nimebanwa. Maurine naye ameacha kuniuliza chochote. Anachukua simu yake anaingia chumbani.

Ni safari moja tu ya kwenda ofisini, Mzee wangu. Moja.

Edah


Paya
9 Februari 2025

Mama Maurine,

Hiyo safari moja unaandika kama mtu hajui huku. Mambo ya ofisi sitaki kuongea. Sindano hapana. Nimesema.

Ng'ombe sasa ni tano. Moja imetoka. Hiyo ni mambo ya hapa nyumbani, nitaweka ingine, usijali.

Ndugu yangu Apendi, ambaye alikuwa alete hao ng'ombe kwenu, hataweza kwa sasa. Ako na jipu kidogo kwa mkono. Nitatafuta mtu ingine.

Tutavusha mwisho ya mwezi huu. Sam ananisumbua, mama yake ananisumbua, wewe unanisumbua. Nilikuwa jeshini miaka mingi na hakuna adui alinisumbua namna hii.

Obbo


Paya
12 Februari 2025

Dada Edah,

Mimi ni Akullo, mama ya Sam. Mzee hajui kwamba naandika. Ningekupigia simu, lakini simu ya hapa ni moja na inakaa kwa mfuko yake, na Sam ako kazini kule mpakani, Malaba.

Ng'ombe hajatoka. Imekufa. Ni ile nyekundu. Asubuhi ilikula vizuri, mchana tukaikuta imelala pale tulisafisha tujenge nyumba ya Sam. Damu inatoka kwa pua, nyeusi, haigandi. Nikasema, tusiguse hii kitu. Wanaume wakasema, nyama yote hii tufukie chini? Apendi ndiye alichuna. Walikula, dada. Mimi sikula, lakini nilipika.

Sasa mkono ya Apendi imevimba mpaka kwa bega. Kidonda iko nyeusi katikati kama makaa, na yeye anasema haiumi. Hiyo ndiyo inaniogopesha. Kitu kubwa namna hiyo na haiumi. Watu wanasema amerogwa kwa sababu ya ng'ombe ya mahari, wamempeleka kwa mtu ya dawa ya miti. Tangu jana ako na homa.

Na kitu ingine. Mzee anakuandikia kwamba hataki sindano. Si kweli. Tangu ile barua yako ya pili amekwenda huko ofisini, amerudi, amekwenda tena. Wanamwambia dawa imeisha, angoje. Siku moja alinunua barafu kwa duka ya soda, akaibeba kwa ndoo, ili wakimpa dawa isipate joto njiani. Ikayeyuka yote akiwa amekaa kwa benchi yao. Anaona haya kuandikia watu ya Kenya kwamba huku tumekosa. Heri umuite mkaidi.

Wewe ni nesi. Niambie tufanye nini.

Akullo


Busia
12 Februari 2025

Dada Akullo,

Nimesoma nikiwa nimesimama. Mtoeni Apendi kwa huyo mganga sasa hivi, tafuteni pikipiki, apelekwe hospitali Tororo, na mseme neno hili mlangoni: kimeta. Si uchawi. Kinatibika, lakini hakingoji.

Nyama iliyobaki isiguswe, hata iliyokaushwa. Ngozi pia. Mbwa wafungwe. Mtu asikanyage pale ng'ombe alipochunwa.

Simu ya Mzee haipatikani, kwa hiyo Felistus anatangulia na karatasi hii. Mimi naomba ruhusa kazini, nakuja nyuma yake. Najua mama wa bibi harusi haingii kwa wakwe kabla ya mahari. Wenye kulaumu watanilaumu baadaye.

Edah


Paya
2 Machi 2025

Mama Maurine,

Apendi ametoka hospitali jana. Mkono iko. Vidole mbili hazikunji. Anakula vizuri. Alisema nikuandikie asante, nimeandika.

Mimi bado nakukasirikia. Uliingia boma yangu bila kubisha, ukanipita kama mimi ni mti ya uzio, ukasema mbele ya watu, "Nani amekula? Nani ameshika? Simameni hapa." Mimi, mwenye boma, nikapanga mstari na wajukuu kumeza vidonge. Mpaka leo watu ya Petta hapo jirani wakikutana na mimi njiani wananiuliza, "Mzee, umemeza?"

Lakini ukweli nasema. Nyama nilikula.

Sasa sikia. Dawa imekuja. Watu ya ofisi ya mifugo walikuja na sanduku ya barafu, nikaingiza mkono ndani mimi mwenyewe, baridi mpaka mfupa. Wamedunga ng'ombe yangu yote. Jirani wengine walikuwa wameficha ng'ombe zao kichakani. Apendi akawafuata huko, hakuhubiri, akakunja shati tu akawaonyesha mkono. Wakatoa ng'ombe.

Pale nyekundu ilikufa wamechimba shimo refu, wamechoma, wamemwaga chokaa, wamezungusha miiba. Wamesema hapo hakuna kulisha, hakuna kulima, hakuna kujenga, miaka mingi. Matofali ya nyumba ya Sam nilikuwa nimepanga tayari. Nimeanza kuhamisha moja moja.

Basi sindano umepata. Lakini sasa kuna karantini, hakuna ng'ombe inatoka Paya. Mimi nimeongea na watu ya njia za panya. Kuna pahali ya mto ambapo maji ni ya magoti tu. Mwisho ya mwezi tunavusha, mambo iishe.

Obbo


Busia, Kenya
8 Machi 2025

Mzee Obbo,

Habari za Apendi zimenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Mwambie aendelee kukunja hivyo vidole kila siku hata vikigoma.

Sasa hilo la mto. Nakuomba ulisome polepole, maana mimi naliandika haraka kwa hasira. HAPANA. Ukiwavusha hapo, utanikuta ng'ambo nimeshika fimbo, na nitawarudisha mmoja mmoja mpaka kwenu. Sindano haishiki siku hiyo hiyo. Mnyama aliyekula malishoni pamoja na yule mwekundu anaweza kuwa ameshaubeba ugonjwa kabla ya kudungwa. Ndiyo maana wamefunga. Hawakufunga ili wakuudhi wewe.

Unajua yanayonipata huku? Levis amesema mbele ya ukoo kwamba nimewavunjia heshima kwa kuja kwenu kabla ya mahari. Nikamwambia kulikuwa na mtu anakufa. Akasema, "Kulikuwa na wauguzi wa kwao." Tena amesema bila ng'ombe zizini hakuna harusi, hata kama matangazo yameshasomwa kanisani. Nikamweleza ng'ombe wamezuiwa na serikali. Akanijibu, "Aliyeiita serikali ni nani?"

Nimechoka, Mzee. Kulinda ng'ombe na watu wa pande mbili za mpaka, halafu nipigane na shemeji yangu ndani ya nyumba, siwezi yote. Hilo la harusi nimemwachia. Ingoje mpaka karantini iondolewe. Waambie vijana wavumilie.

Edah


Paya
15 Machi 2025

Mama Maurine,

Ulitaka sindano, iko. Ulitaka karantini, iko. Sasa harusi ingoje. Kesho utataka nini, mvua inyeshe kwa upande moja tu?

Sivushi. Umeshinda.

Lakini Sam haongei na mimi tena. Akija Jumapili anasalimia ng'ombe, anarudi Malaba. Hiyo hasira yake si yangu peke yangu. Chukua nusu.

Obbo


Malaba
4 Mei 2025

Kwa Mama, na kwa Baba Obbo,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, kila mmoja apate yake, asiwepo wa kusema mwenzake alijua kwanza.

Jana mimi na Sam tulifunga ndoa kanisani. Matangazo yalikuwa yamesomwa pande zote mbili na hakuna aliyeweka pingamizi, kwa hiyo padri hakuwa na sababu ya kukataa. Hatukutoroka. Tulikwenda mchana, tukapita barabarani, tukisalimia watu.

Mnaandikiana tangu Januari. Felistus amebeba barua zenu juu ya omena mpaka zote zinanuka. Ndani mmeandika sindano, barafu, zizi, mto, Levis. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi nasemaje. Habari kwamba harusi yangu imeahirishwa niliipata sokoni.

Mama, kuhusu chanjo ulikuwa na haki, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Baba, ng'ombe watavuka siku wakiruhusiwa, na Baba Mdogo Levis atawapokea kwa heshima zote. Sijamdharau mtu. Lakini mimi si ng'ombe wa saba, niwekwe karantini pamoja na wale wengine.

Tumepanga chumba hapa Malaba. Tuna kitanda, jiko na sufuria mbili. Tuko salama.

Maurine


Busia, Kenya
7 Mei 2025

Dada Akullo,

Felistus ameponyokwa na neno kwamba wewe ulikuwepo. Sikuandikii kwa ugomvi. Nilikasirika, nikakaa, nikakasirika tena, sasa nguvu zimeisha.

Levis alipopata habari alifoka mpaka majirani wakasimama uani. Sikumsikia. Nilikuwa nawaza Maurine alivaa nguo gani.

Kila mtu sasa ananiambia nilikuwa sawa. Hata Levis amechanja ng'ombe wake wote. Alingoja niende kazini ndipo akamwita daktari. Nilikuwa sawa, dada, na binti yangu wa pekee ameolewa nikiwa nafunga watu bendeji. Nilimwambia avumilie kama ninavyowaambia wagonjwa kwenye foleni. Hata sikumtazama usoni nilipomwambia.

Alisukwa na nani? Alilia? Mzee amesemaje? Niandikie yote, hata yale madogo.

Edah


Paya
11 Mei 2025

Dada Edah,

Mimi nimechoka na nyinyi wote, wacha nianze na hiyo. Yule anaandika kwa kiburi, huyu anaandika kwa hasira, na watoto wanakonda. Lakini umeuliza, najibu.

Alivaa gomesi yangu ya kijani, ile gauni mpya ya sherehe. Yeye ni mwembamba, tulikunja kiuno tukashika na pini, na kila akikaa pini inamchoma. Nywele alisukwa na Felistus. Ndio, Felistus. Hakuponyokwa na neno, alikuwa kwa benchi ya nyuma analia na sauti mpaka padri akamwangalia.

Maurine hakulia. Sam alisahau jina yake ya ubatizo, akasema "Mau," watu wakacheka, na yeye pia akacheka. Lakini kabla ya hapo Maurine aligeuka akaangalia mlango. Halafu akaangalia tena.

Padri akauliza, upande ya bibi harusi nani amesimama? Nikainuka. Akaniambia, mama, wewe si wa bwana harusi? Nikasema, ndio, lakini Sam ako na Apendi, baba yake mdogo. Mimi leo nasimama pahali ya Edah, ambaye kazi imemshika. Nikatoka kwa benchi yetu nikavuka nikakaa upande yako, peke yangu na mkoba yangu. Apendi akabaki na Sam. Ulipokuwa wakati ya kumbariki, niliweka mikono yote mbili kwa kichwa yake. Mkono moja ilikuwa yangu, na ya pili ilikuwa ya wewe. Nilimwambia hivyo kwa sikio. Hapo ndipo alitaka kulia, lakini akajikaza.

Mzee alipopata ile barua alitupa kofia chini. Akaiokota, akaenda kwa ng'ombe, akakaa huko mpaka jua ikashuka. Aliporudi aliuliza kitu moja tu: "Walikula nini?" Nikamwambia, chai na mandazi. Akasema, "Chai na mandazi. Mtoto ya Obbo." Kesho yake akakamata kuku mbili, akazifunga miguu, akapanda pikipiki mpaka Malaba. Alikaa kwa kile chumba mpaka jioni, akawarekebishia mlango. Hajakuambia na hatakuambia.

Karantini bado iko na hakuna mtu anajua itaisha lini. Lakini hiyo ni ya ng'ombe, dada. Watu wanapita. Kutoka kwako mpaka kwa huyo mtoto ni safari fupi kuliko kuja huku kwetu, na Jumapili wote wawili wanakuwa nyumbani.

Usinijibu hii na barua. Nenda.

Akullo